Ua linalonukia karafuu, na nilivyoliua kwa samadi

Ilikuwa kama saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa sita, natoka shifti ya usiku kule maghalani karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Miguu inauma, akili imeshalala zamani mwili ndo unatembea wenyewe, nimeshuka kwenye basi nakata kichochoro cha kwenda nyumbani hapa Slough, mji ulio magharibi ya London, mara pap, karafuu. Yani karafuu kabisa, si manukato ya dukani wala zile biskuti zao za Krismasi, karafuu ile ya kwetu Wete, Pemba, imeanikwa jamvini pembeni ya barabara na jua ndo kwanza linaanza kuichoma. Nikasimama. Nikadhani kuna mtu anapika pilau saa ile (na Slough hii inawezekana, watu wanapika saa zote) lakini madirisha yote yamefungwa. Kuna ukuta mfupi tu wa matofali, juu yake yamelalia majani membamba ya kijivu kama nyasi zilizomwagiwa majivu, na katikati yake maua meupe yaliyochanikachanika kama tishu iliyofuliwa ikasahaulika mfukoni mwa suruali. Samahani kwa mfano lakini ndo lilivyo, kwa sura si ua la kupigia picha. Nikainama nikanusa. Ndo lenyewe.

Bibi mwenye nyumba akafungua mlango akanikuta pua yangu iko ukutani kwake. Mwanamke wa hijabu na kizibao cha kung'aa cha kazini ameinamia ukuta wa mtu alfajiri, mwingine angeshapiga simu polisi. Yeye akaniambia tu, linaitwa Mrs Sinkins, halafu akaongeza, kwa majivuno kidogo, la hapahapa hilo.

Na ni la hapahapa kweli, sikuamini mpaka nilipoenda kusoma mwenyewe. Slough huku watu wanaicheka, ukisema unaishi Slough mtu anakuangalia kwa huruma, lakini kwenye nembo ya mji wetu kuna bata maji mweupe na mdomoni ameshika ua, na ua lenyewe ndo hili. Alilizalisha bwana mmoja anaitwa John Sinkins, na huyu hakuwa tajiri mwenye bustani ya kifahari, alikuwa msimamizi wa nyumba ya maskini, zile nyumba ambazo zamani ukishindwa maisha Uingereza unapelekwa ukafanyishwe kazi ndo upewe chakula. Mwaka unaotajwa ni 1868. Akalipa jina la mke wake, na mtu wa bustani za biashara wa hapohapo Slough, Charles Turner, ndo aliyelisambaza. Jengo la nyumba ile baadae likaja kuwa hospitali. Mimi kila nikipita upande ule huwa najiuliza, katika mahali pote pa kuzaliwa kitu kinachonukia vile.

Kwa Kiingereza jamii hii ya maua inaitwa pinks, na mimi nitayaita mapinki, msinisahihishe. Ni ndugu wa kanesheni, lile ua la kwenye vifungo vya makoti ya mabwana harusi, ila mapinki ni mafupi, yana majani ya kijivu, yanakaa nje mwaka mzima baridi na theluji ikiwa juu yake, na harufu yake kwa maoni yangu inaishinda kanesheni ya dukani mara kumi. Na nyie mnaojua rangi ya pinki, jueni kwamba kwa Kiingereza jina la rangi limetoka kwenye ua, si ua lililopewa jina la rangi. Ua lilitangulia. Wengine wanasema jina lenyewe limetokana na zile kingo za petali zilizokatwa meno meno, maana kuna kitenzi cha zamani cha kukata kitambaa kwa meno, na mafundi cherehani mnaujua ule mkasi wa zigizaga, kwa Kizungu ni pinking shears, jina limo humohumo. Mrs Sinkins wangu ni mweupe pe, lakini ni pinki. Nilimweleza mwanangu akaniambia mama hiyo haina mantiki.

Asubuhi ile nilipofika nyumbani sikulala. Nikampigia mama Pemba, kwao ishakuwa saa mbili na kitu, nikamwambia mama, huku kuna ua linanukia karafuu. Akauliza, limetiwa? Nikamwambia halijatiwa, lenyewe. Akakaa kimya halafu akasema, Wazungu hao, lazima wametia kitu.

Hawajatia. Harufu ya karafuu inatokana zaidi na kitu kinaitwa eujenoli, ndo hichohicho kilichojaa kwenye mafuta ya karafuu anayokupaka mtu wa meno, na mapinki nayo yanaitengeneza yenyewe kwenye petali. Kwahiyo pua yangu haikukosea hata kidogo, ni kitu kilekile. Na sio pua tu, hata jina! Kiarabu ni qaranful, Kigiriki cha zamani karyophyllon, sisi karafuu, na kanesheni jina lake la kisayansi ni Dianthus caryophyllus, hilo la pili ukilisikiliza vizuri unaisikia karafuu yetu imo ndani imevaa suti. La kwanza ni la Kigiriki pia, maana yake ua la mungu wao Zeus, hilo tuwaachie wenyewe. Ukienda kwa Waarabu, mpaka leo qaranful ni karafuu ya chakula na ni kanesheni pia, Wajerumani nao neno lao Nelke ndo hivyohivyo, ua na kiungo jina moja. Na hapa Uingereza zamani walikuwa wanatumbukiza petali zake kwenye mvinyo ili upate ladha ya karafuu, kuna jina lake moja la kale lilikuwa na maana ya mkate uliochovywa kwenye mvinyo. Karafuu yenyewe ilitoka mbali na ilikuwa ghali, ua liko ukutani la bure.

Basi nikalitaka. Na hapa ndo inaanza habari ya aibu.

Mimi nimelelewa na mwanamke ambaye akichomeka fimbo ardhini inaota. Nikajua kupanda ni kupanda. Nikaenda duka moja kubwa la maua, silitaji, nikanunua vyungu vitatu vya Mrs Sinkins, ilikuwa mwezi wa tisa. Nikachimba mashimo nyuma ya nyumba, nikatia samadi ya farasi ya mfuko, nikatia tena, nikapanda ndani kabisa shina lizame vizuri lisiyumbe na upepo, nikafunika juu matandazo ya magome ya miti kama ninavyoona kwa majirani, nikamwagilia jioni. Asubuhi nikitoka kazini nikamwagilia tena. Kwa mwezi mmoja nilikuwa najisifu, majani yakanenepa yakawa ya kijani badala ya kijivu, nikasema umeona, walikuwa na njaa maskini.

Mwezi wa kumi na mbili yakaanza kuwa ya njano kuanzia chini. Mimi nikajua baridi. Nikayafunika na gunia. Mwezi wa kwanza nikashika shina moja nilinyooshe, likabaki mkononi. Halikukatika, liliachia tu, kama muhogo uliooza unavyoachia ganda, na pale shingoni panapokutana na ardhi palikuwa pa kahawia panateleza. La pili hivyohivyo. La tatu sikuligusa kabisa nikijidanganya kwamba nisipoligusa litapona.

Nikaenda kwa bibi wa ukuta, na aibu zangu. Nikamweleza kila nilichofanya, samadi, maji, gunia, anatikisa kichwa tu, halafu akaniuliza swali moja. Maji yanaenda wapi?

Sikuelewa. Akaniambia kachimbe shimo la kina cha kiwiko, limwagie ndoo ya maji, kesho kaangalie. Nikafanya. Kesho yake maji yapo palepale yananiangalia, na jani limeelea juu. Udongo wa nyuma ya nyumba yangu ni mfinyanzi mtupu na takataka za wajenzi, na mimi nilikuwa nimechimba vyungu vitatu vya maji nikatia maua ndani yake. Baridi haikuhusika! Mapinki asili yake ni huko milimani na mawe mawe ya Ulaya na Asia, baridi kali linaistahimili, theluji linaistahimili, kisichostahimilika ni miguu kukaa kwenye maji majira yote ya baridi. Na ile kijivu ya majani, ambayo mimi nilifurahi ilivyopotea, ndo ngozi yake, ni nta nyembamba inayozuia maji yasipotee, ukiipitisha kidole inatoka kama ule unga wa juu ya zabibu. Ua limekuja na koti lake la kiangazi mwilini, halafu mimi naliletea maji asubuhi na jioni.

Mara ya pili nilifanya kinyume cha kila kitu nilichofundishwa na mama. Nilihamia mbele ya nyumba, chini ya dirisha, kunakopiga jua toka saa nne mpaka jioni, maana chini ya masaa sita ya jua haya maua yanarefuka shingo yanalala. Nikajenga tuta la matofali mistari mitatu tu. Chini nikatia vipande vya matofali, juu yake udongo wa kawaida nusu na changarawe nusu, ile ya punje ndogo kama mbaazi, na ngumi mbili za chokaa kwa sababu mapinki hayapendi udongo mchachu hata kidogo, yanapenda chokaa. Samadi sifuri. Nikapanda juujuu, shingo ikae nje ya udongo, na nikazungushia changarawe tupu shingoni ili mvua ikipiga pakauke haraka. Magome ya miti nimeyatupa.

Mama kusikia chokaa akachangamka. Mbona uwanda wote huku ni chokaa, akasema, mawe ya matumbawe matupu, si ungeyaleta tuyapande huku. Na ukweli kwa upande wa udongo lingekaa kama limezaliwa pale, tatizo ni joto na ule unyevu wa pwani, Wete usiku hakupoi, ua hili linataka usiku wa baridi ndo lifanye matumba. Nitalirudia hilo chini kwa wale mlio bara.

Maji? Nilimwagilia wiki tatu za mwanzo tu mpaka limeshika. Baada ya hapo kama kumepita wiki mbili bila mvua kiangazi, ndoo moja chini ya majani, si juu. Mbolea naipa mara moja mwezi wa tatu na nyingine maua yakiisha, ile ya maji ya kumwagilia nyanya, yenye potashi nyingi. Mbolea za kukuza majani usilipe, utapata kichaka kinene hakina ua na kinaoza. Basi, huduma yote ndo hiyo. Nikaona kama namnyima mtoto chakula.

Sasa hebu niwaonyeshe tumba lake kwa karibu maana hapa ndo mimi hunichukua nusu saa nzima na chai inapoa. Nyie wa Pemba na Unguja mnajua kwamba karafuu ile tunayoipika ni tumba, ua ambalo halijafunguka, linachumwa limefumba na likishafunguka mkononi mwa mchumaji limeshaharibika thamani. Utoto wangu wote mwezi wa karafuu tulikaa chini kuchambua, tumba huku makonyo kule, vidole vinanuka wiki nzima hata ukila embe linanuka karafuu, na malipo ni kwa pishi. Kwahiyo mimi nimezoea matumba, najua tumba lililokaribia. Tumba la Mrs Sinkins ni kijikopo kirefu cha kijani, kigumu, kinene kama ncha ya kidole cha mwisho, kina meno matano juu yamebanana. Siku ya kwanza unaona ncha nyeupe inachungulia. Siku ya pili petali zinasukumana zitoke na ni nyingi mno kuliko kikopo, na siku ya tatu kikopo kinashindwa, kinapasuka ubavu kuanzia juu mpaka chini, na petali zinamwagikia upande mmoja kama nguo kwenye sanduku lililovunjika zipu. Ndo maana ua zima linaonekana limelala ovyo. Mrs Sinkins wote wako hivyo, ni ugonjwa wa kuzaliwa, tangu enzi ya bwana Sinkins mwenyewe.

Wakulima wa kanesheni za maonyesho wana dawa, wanavisha kila tumba kijimpira kidogo kiunoni kabla halijafunguka. Nilijaribu kwenye matumba kumi kwa vile vijimpira vya kufungia nywele za watoto. Yalikaa vizuri, duara zuri, kweli. Lakini nilivyoyaangalia nikaona si ua lile lililonisimamisha kichochoroni, nikavikata vyote.

Linachanua mara moja kwa mwaka, mwezi wa sita, wiki tatu hivi nne, basi. Wapo wanaoona hilo ni kasoro na kwao yapo mapinki ya kisasa. Kuna bwana aliitwa Montagu Allwood, kule Sussex, mwanzoni mwa karne iliyopita alichanganya pinki la kizamani na kanesheni inayochanua mfululizo, na kutoka kwake na nduguze tukapata mapinki yanayochanua kiangazi kizima kwa awamu. Maarufu kuliko yote ni Doris, rangi ya samoni na jicho jekundu katikati, la mwaka 1945, na mpaka leo ukiingia duka lolote la maua huku utalikuta. Ninalo. Ni zuri, halipasuki, halisumbui, linafaa kwa mtu anayeanza na nakushauri uanze nalo. Harufu yake ni ya adabu. Mimi nilikuja kwa harufu ya kukosa adabu kwahiyo Doris wangu amekaa pembeni.

Na kama mnataka kujua haya mambo ya kuchanganya maua yalianzia wapi, yalianzia kwenye familia hiihii. Kabla ya 1717 hivi kulikuwa na mtu wa bustani London, Hoxton, jina lake Thomas Fairchild, akachukua unyoya, akabeba chavua ya switi wiliamu, ambalo ni pinki la aina nyingine lenye vichwa vya maua mengi pamoja, akaipaka kwenye kanesheni. Mbegu zikaota kitu ambacho si hiki wala si kile, na hakizai. Wakakiita nyumbu wa Fairchild. Leo hilo ni jambo la kawaida lakini wakati ule mtu kuumba ua jipya kwa makusudi ilikuwa kama kuingilia kazi ya Mungu, na wanasema jambo hilo lilimkaa rohoni, maana alipokufa 1729 aliacha paundi 25 kwenye wosia ili kila mwaka kanisani Shoreditch itolewe hotuba ya kusifu kazi ya Mola kwenye uumbaji. Nilimhadithia mama hii, akasema huyo alikuwa na hofu, huyo mtu mzuri. Kuna na wafumaji wa Paisley, Scotland, wale wa vitambaa, mwishoni mwa karne ya 18 walikuwa wakitoka kwenye vitanda vyao vya kufumia wanaenda kuzalisha mapinki yenye mistari ya rangi pembeni mwa petali kama taraza ya kofia. Mafundi vitambaa na ua lenye kingo za mkasi, unaona linavyokutana.

Turudi kazini. Maua yakiisha usiache vikopo vikavu juu, kata vijiti vyote mpaka kwenye majani, mwezi wa saba. Kata kwenye majani ya kijivu tu, usishuke kwenye kuni ya chini isiyo na jani, pale hapachipui tena. Na mmea wenyewe hauishi sana, mwaka wa tatu wa nne katikati panakuwa kuni tupu, panafunguka kama kipara na maua yanabaki pembeni. Hautibiki huo, unatafutiwa mrithi. Na hapa ndo raha yake ilipo, kwa sababu huhitaji kununua tena maisha yako yote.

Bibi alinifundisha ukutani kwake. Unatafuta chipukizi lisilo na ua, lenye urefu wa kidole. Mkono wa kushoto unashika shina chini, unahesabu jozi nne za majani kutoka juu, mkono wa kulia unashika kichwa, majani yote kwenye kiganja, halafu unavuta taratibu kwa kunyoosha. Hukati! Unavuta, na kwenye kifundo linachomoka lenyewe, tk, kama unavyochomoa jani changa la mnazi, linaacha kijishimo kisafi. Sauti ile ndogo ndo unajua umepatia. Lisipotoka kwa kuvuta kidogo basi bado changa au limezeeka, liache. Ukishachomoa unaondoa majani mawili ya chini, unachomeka kwenye chungu cha mchanga mkali na mboji nusu kwa nusu, pembeni ya chungu si katikati, sijui kwa nini lakini pembeni yanashika zaidi, unamwagilia mara moja, unalifunika na chupa ya soda iliyokatwa, unaliweka kivulini. Wiki tatu nne ukilivuta kidogo linakuvuta na wewe. Limeshika.

Mwaka wa kwanza nilichomoa 14 yakashika tisa. Moja nilimpa jirani Mpunjabi ambaye alilipeleka pua akasema loong, na loong kwa Kipunjabi ni karafuu. Tulicheka pale mlangoni kama wendawazimu.

Wadudu si wengi. Vidukari mwezi wa tano kwenye shingo za matumba, navipangusa kwa vidole au maji ya sabuni. Makoa, yale yasiyo na nyumba, hayapendi kupita kwenye changarawe na majani magumu hayayavutii, yananimalizia maua mengine lakini haya huyapita. Kuna kiwavi mmoja mdogo wa kijani anagandisha majani mawili kwa utando anajificha ndani kama amejifungia chumbani, ukiona majani ya ncha yameshikana minya hapohapo usimwonee huruma. Kiangazi kikiwa kikavu sana utitiri mwekundu unatokea, majani yanakuwa na vidoadoa. Na kutu, vidonge vya kahawia kwenye majani, hiyo ni unyevu na kubanana, kata, tupa, usitie kwenye mboji. Mmea ukinyauka upande mmoja ghafla na ndani ya shina kuna rangi ya kahawia, huo ni ukungu wa ardhini, ng'oa na udongo wake na usipande pinki hapo tena.

Sasa nyie wa nyumbani mlioniuliza kama linakubali huko. Kanesheni mnazijua, kabla waridi halijatawala, miaka ya 1970 na 80 mashamba ya Naivasha yalikuwa yanajulikana kwa kanesheni, kwahiyo nyanda za juu zinakubali bila wasiwasi. Limuru, Kericho, Lushoto, Njombe, Arusha ya juu kule kwenye baridi, jaribuni. Mrs Sinkins wa kwangu sidhani kama angefurahi sana maana yeye anataka majira ya baridi kweli ndo achanue, ila aina za mbegu, pinki la Kichina na switi wiliamu, zinaenda vizuri na mbegu zake si ghali, panda kwenye trei, funika kidogo sana, wiki moja mbili zimeota. Udongo wa huko juu mara nyingi ni mwekundu na mchachu, chokaa usisahau, na tuta juu, masika yakija maji yaende. Kwa Dar, Tanga, Mombasa na visiwani, unaweza kulipanda pinki la Kichina kwenye chungu msimu wa kipupwe ukalifaidi miezi mitatu likafa, mimi ningekuwa huko ningepanda kilua na asmini nikatulia. Hatukosi harufu sie.

Mwaka huu mama alitaka kujua kitu kimoja tu, linachumwa lini. Nikamwambia halichumwi mama, linaangaliwa. Akanyamaza, najua alikuwa anawaza huyu mtoto huko baridi limemwingia kichwani, una karafuu hamsini mlangoni na huchumi. Ikanikaa. Jumamosi moja nikakata maua yote yaliyofunguka vizuri, nikachambua petali, nikaondoa kile kijeupe cha chini ya petali maana ni kichungu, nusu nikazikoroga na sukari kwenye kopo (ndani ya wiki sukari yote ikanukia, naitia kwenye chai, jaribuni), na nusu nikazitandaza nje kwenye gazeti juu ya meza zikauke nione. Nikampigia mama kwa video nimwonyeshe. Nikaisimamisha simu kwenye kikombe, akawa anaziona.

Akaangalia kidogo. Akasema umezirundika, zipanue. Nikazipanua. Akasema geuza. Nikamwambia mama ni petali hizi zinakauka kwa saa mbili. Akasema geuza. Nikageuza. Ikawa hivyo yeye ananiamrisha toka Wete na mimi nageuza, tunaongea habari za shangazi na mahari ya mtoto wa jirani, mpaka katikati ya maneno akakatiza, macho yake hayako kwangu yako juu ya bega langu, nyuma, kwenye kipande cha mbingu ya Slough kilichoingia kwenye kioo cha simu, akapiga ukelele ambao sijausikia tangu nina miaka kumi na moja.

"Wee! Anua! Mvua hiyo! Anua!"

Nikakusanya gazeti kwa pembe nne nikakimbilia ndani, simu nimeisahau kwenye kikombe, nasikia sauti yake huko nje inaendelea kuhesabu majamvi.